Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: "Playful Pluto" (1934), mbwa aliyenasa kwenye karatasi ya ulimbo

Ukiwa na haraka, ruka hadi swali la 5 na la 6. Mengine yote yanalizunguka jambo linaloelezwa hapo.

## Mambo ya mwanzo

1. "Playful Pluto" ni filamu gani?

Ni katuni fupi ya studio ya Walt Disney, nyeusi na nyeupe, iliyotolewa Marekani tarehe 3 Machi 1934 na kusambazwa na kampuni ya United Artists. Haifiki dakika kumi. Aliyeiongoza ni Burt Gillett, yuleyule aliyeongoza "Three Little Pigs" mwaka mmoja kabla. Kwenye orodha inahesabiwa miongoni mwa katuni za Mickey Mouse, na Mickey yumo kweli, lakini mwenye filamu ni mbwa wake, Pluto.

2. Hadithi yake ni ipi?

Mickey anataka kufanya kazi za nyumbani, Pluto anataka kucheza. Hadithi ndiyo hiyo yote. Kila kazi Mickey anayoishika mbwa anaivuruga, wala si kwa ukorofi: anaona mwenye nyumba anahangaika uwanjani, naye anadhani ni mchezo. Kuna mahali anameza tochi ikiwa inawaka, na mwanga unaonekana ukitembea ndani ya mwili wake. Mwishoni mwishoni ndipo anapokutana na karatasi ya kunasia nzi.

Ukiipima kama hadithi, ni nyepesi mno. Ni vituko vilivyoungwa kimoja baada ya kingine, na vingine vimechakaa. Wanaokwambia ni kazi bora kuanzia mwanzo hadi mwisho wanatia chumvi. Umaarufu wake wote unatokana na kipande kimoja, na kipande hicho kinastahili.

3. Mbona haina rangi, na Disney walikuwa na rangi tangu 1932?

Walikuwa nayo. "Flowers and Trees" ya 1932 ilitumia mfumo mpya wa Technicolor wa rangi tatu. Lakini rangi ilikuwa ghali, na studio iliitengea mfululizo mwingine, ule wa Silly Symphonies, uliokuwa hauna nyota wa kuvuta watu. Mickey alikuwa anajaza kumbi bila rangi, kwa hiyo hakukuwa na haraka ya kumpaka. Alisubiri hadi "The Band Concert" ya 1935. "Playful Pluto" ilitoka mwaka mmoja kabla ya hapo.

Nakala ya rangi unayokutana nayo mtandaoni aidha imepakwa rangi baadaye au ni filamu nyingine kabisa. Tazama swali la 16.

4. Hiyo karatasi ni kitu gani hasa?

Ni karatasi bapa iliyopakwa ulimbo upande mmoja, ya kuwekwa dirishani au mezani ili nzi watue wasiondoke tena. Katika Marekani ya miaka ile ilikuwa kitu cha kawaida jikoni. Kampuni iliyovuma kwa kuzitengeneza, Tanglefoot, ilikuwa katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, na ulimbo wenyewe ulitokana na utomvu wa misonobari uliochanganywa na mafuta ya nyonyo. Haukauki upesi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Mtazamaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji maelezo marefu. Ni ndugu wa ile gundi ya panya wanayotembeza wamachinga, na aliyewahi kuikanyaga usiku akienda kunywa maji ataelewa filamu hii kuliko mhakiki yeyote.

## Kipande cha karatasi

5. Nini kinatokea, na kwa nini kinachekesha?

Pluto ananusa. Pua inagusa karatasi, karatasi inang'ang'ania. Anaitoa kwa mguu; sasa imehamia mguuni. Anaukanyaga mguu huo kwa mwingine ili ajichomoe. Imehamia kwenye huo mwingine. Anatulia, anafikiri, anaona amepata dawa, anakaa chini kwa ushindi. Amekalia karatasi.

Kwa maneno hakichekeshi kiasi hicho, maana kinachochekesha si karatasi. Kinachochekesha ni kwamba kila mara unaona mbwa akipata wazo kabla hajalitekeleza. Uso unakunjamana, jicho linageuka, sikio linainuka kidogo, kisha ndiyo mguu unasogea. Wewe mtazamaji umeshaliona wazo lake na umeshajua litashindwa wapi, naye bado hajajua. Kicheko kinatoka katika nafasi hiyo ndogo kati ya kujua kwako na kujua kwake.

Angalia pia anavyotutupia jicho sisi watazamaji. Ni la mtu aliyeaibika mbele ya wageni, anayetaka kuhakikisha kama kuna aliyeona.

6. Kwa nini wachora katuni wanakitaja kama mwanzo wa kitu kipya?

Kabla ya hapo, mhusika wa katuni alikuwa anatenda. Anakimbia, anaanguka, ananyooka kama mpira, anapigwa na kinu kichwani na kuinuka. Mambo yalikuwa yanamtokea yeye kutoka nje. Hapa hakuna adui, hakuna mbio, hakuna anayempiga mwenzake. Kuna mbwa mmoja, kipande cha karatasi, na akili isiyo kubwa sana inayofanya kazi kwa bidii. Kila tatizo jipya analitengeneza mwenyewe kwa kulitatua lile lililopita.

Frank Thomas na Ollie Johnston, wahuishaji (wachora katuni) wawili waliodumu Disney kwa miongo kadhaa, walikieleza kwa kirefu katika kitabu chao cha 1981, "The Illusion of Life", kama mfano wa mhusika anayeonekana kufikiri. Sifa hiyo hainishangazi. Ukishaweza kumfanya mtazamaji aamini kwamba mchoro una fikra, unaweza kumfanya aamini una huzuni, na studio iliyokuwa inaelekea kwenye "Snow White and the Seven Dwarfs" ya 1937 ilihitaji hilo kuliko kitu kingine chochote. Mtu hawezi kukaa saa nzima na nusu akitazama michoro inayoangukiwa na vinu tu.

Mimi ningeongeza jambo ambalo halisemwi sana: ujasiri wa kusimama. Kuna nyakati katika kipande hiki ambapo Pluto hafanyi lolote. Studio nyingi za wakati ule ziliogopa kusimama. Zilidhani watu watadhani mashine imekwama.

7. Nani alikichora?

Norman Ferguson, aliyejulikana kama Norm au Fergy. Alitoka New York, alikokuwa katika studio ya Paul Terry, akajiunga na Disney mwaka 1929. Hakuwa na mafunzo rasmi ya sanaa, na wenzake wengi walimzidi kwa uchoraji wenyewe. Alichora kwa mistari ya haraka, michafu, iliyojaa mwendo, kisha wasaidizi wakaisafisha. Alichowazidi nacho ni hisia za jukwaani: alijua lini mtu ageuke, asubiri kiasi gani, na acheke au anune kwa upande upi wa uso.

Yeye ndiye pia aliyechora Mbwamwitu wa "Three Little Pigs", na baadaye alisimamia mchawi mzee wa "Snow White". Alifariki mwaka 1957.

Jina lake hulioni mwanzoni mwa filamu. Katuni fupi za Disney za miaka ile zilibeba jina la Walt Disney, na waliokesha na penseli hawakutajwa. Ndiyo maana watu wengi bado wanadhani Walt alichora mwenyewe. Alikuwa ameacha kuchora miaka kadhaa kabla.

8. Kwa hiyo wazo lilikuwa la Ferguson?

La. Kituko kilibuniwa na Webb Smith, mtu wa idara ya hadithi, ambaye pia anatajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa kubandika michoro ya hadithi ukutani kwa mfuatano ili timu nzima iione filamu kabla haijatengenezwa. Mtindo huo sasa unatumika katika kila studio duniani, hata za matangazo ya sabuni.

Tofauti kati ya kazi hizi mbili ndiyo inayowachanganya watu. Smith alitoa mlolongo: pua, mguu, mguu mwingine, makalio. Ferguson alitoa kilichomo kati ya hatua na hatua. Ungempa mlolongo uleule mchoraji mwingine, ungepata mbwa anayenatanata kwa sekunde kumi na tano na filamu ingeendelea na safari yake.

9. Michoro mingapi ilihitajika?

Filamu ya sinema hupita fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, yaani 1,440 kwa dakika. Kawaida mchoro mmoja hupigwa picha mara mbili, hivyo dakika moja ya mhusika mmoja hula michoro 720 hivi, na kwenye mwendo wa kasi zaidi ya hapo. Kipande hiki kinapita dakika moja. Kila mchoro wa penseli ulinakiliwa kwa wino kwenye karatasi angavu ya seluloidi, ukapakwa rangi kwa nyuma (rangi za kijivu kwa filamu kama hii), ukawekwa juu ya mandhari na kupigwa picha. Kazi ya wino na rangi ilifanywa karibu yote na wanawake, na majina yao yalifichika zaidi hata ya akina Ferguson.

Kabla ya gharama hizo, michoro ya penseli ilipigwa picha yenyewe kwanza na kutazamwa kwenye kichumba kidogo kisicho na hewa walichokibandika jina la sanduku la jasho. Bila majaribio hayo usingepata vituo vya swali la 6. Kituo kikizidi fremu chache tu kinakuwa usingizi.

## Pluto mwenyewe

10. Pluto alianza lini?

Septemba 1930, katika "The Chain Gang", lakini hakuwa Pluto. Mickey ni mfungwa anayetoroka, na mbwa wawili wa kunusa wanatumwa kumsaka. Hawana majina. Aliyewachora wakinusa ni Ferguson, na mnuso ule ulipendwa kiasi kwamba mbwa akarudishwa. Mwaka uleule, katika "The Picnic", ni mbwa wa Minnie anayeitwa Rover. Mwaka 1931, katika "The Moose Hunt", ndipo anapokuwa mbwa wa Mickey mwenye jina Pluto.

Kwa hiyo wanaouliza ni mbwa wa aina gani: alianza kama mbwa wa polisi wa kunusa, kisha akalegezwa mwili na kupewa moyo mwema hadi asili yake ikapotea.

11. Ni kweli alipewa jina la sayari?

Tarehe zinaruhusu. Pluto ya angani iligunduliwa na Clyde Tombaugh tarehe 18 Februari 1930, ikatangazwa jina tarehe 1 Mei 1930 kufuatia pendekezo la Venetia Burney, msichana wa miaka 11 wa Oxford. Mbwa alilipata jina mwaka uliofuata, wakati magazeti ya Marekani bado yamejaa habari hizo. Kinyume chake, kwamba sayari iliitwa jina la mbwa, hakiwezekani, ingawa bado kuna watu wanabishana hivyo vijiweni. Mwaka 2006 wanaastronomia waliishusha Pluto hadhi ikawa sayari kibete. Mbwa hakuguswa.

12. Goofy ni mbwa, Pluto ni mbwa. Mbona mmoja anavaa suruali na kuongea, mwingine analala nje?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na wengi hudhani wamegundua siri. Jibu ni la kikazi: hawakubuniwa kwa shughuli moja. Goofy alibuniwa kama mtu mzima mshamba mwenye sura ya mbwa, na kazi yake ni kuzungumza ovyo na kuharibu vitu. Pluto alibuniwa kama mnyama, ili Mickey apate wa kumfuga na wachoraji wapate wa kumchora akifikiri bila maneno. Ukimpa Pluto ulimi, kipande cha swali la 5 kinakufa: angesema tu "nimenasa", basi.

La kuchekesha ni kwamba sauti za wote wawili zilitolewa na mtu mmoja, Pinto Colvig. Mickey alisemewa na Walt Disney mwenyewe.

13. Pluto hajawahi kusema hata neno?

Aliwahi. Katika "The Moose Hunt" anajifanya amekufa, Mickey analia, kisha mbwa anainuka na kuomba busu kwa Kiingereza. Inashtua, na haipendezi. Studio iliachana na jambo hilo haraka, na uamuzi huo ulikuwa wa busara.

14. "Playful Pluto" ilishinda Oscar?

Hapana. Filamu ya Pluto iliyoshinda ni "Lend a Paw" ya 1941, iliyoongozwa na Clyde Geronimi: Pluto anamwokoa mtoto wa paka asizame, kisha anamwonea wivu nyumbani. Ni hadithi iliyorudiwa kutoka "Mickey's Pal Pluto" ya 1933, safari hii kwa rangi. Imepangwa vizuri kuliko "Playful Pluto", ina funzo lake, na sijawahi kukutana na mhuishaji anayeirudia fremu kwa fremu.

## Maswali ya pembeni

15. Nimekiona kipande hiki ndani ya filamu ya watu, wafungwa wakicheka. Ni ipi?

Ni "Sullivan's Travels" iliyoongozwa na Preston Sturges, ya 1941. Joel McCrea anaigiza mwongozaji tajiri wa Hollywood aliyechoka na vichekesho, anayetaka kutengeneza filamu nzito kuhusu umaskini bila kuujua. Anavaa matambara ili ajifunze, na mambo yanamgeukia hadi anajikuta mfungwa kweli, kwenye genge la wafungwa wa minyororo Kusini mwa Marekani. Jioni moja wafungwa wanapelekwa kanisani kwa waumini weusi. Mchungaji anawaomba waumini wake wasiwafanye wageni hao wajione duni. Wafungwa wanaingia wakiburuta minyororo, taa zinazimwa, na kwenye pazia anatokea Pluto na karatasi yake. Wote wanacheka. Sullivan, yule mwongozaji, anageuka kumuuliza jirani yake: mimi ninacheka?

Sturges alitaka kwanza kutumia kipande cha Charlie Chaplin, Chaplin akakataa. Ilikuwa bahati. Chaplin angetuletea umaarufu wake mle kanisani, na tungecheka kwa kumkumbuka. Mbwa anayejinasisha zaidi kila anapojinasua ni jambo la wafungwa wenyewe.

Unganisha na swali la 10: mbwa huyu alizaliwa katika katuni ya wafungwa wa minyororo, kazi yake ikiwa kuwakamata.

16. Niliyoiona mimi ina rangi, iko ufukweni, na kuna bata. Ndiyo hiyo?

Hiyo ni "Beach Picnic" ya 1939. Donald Duck yuko kwenye mandari, siafu wanamwibia chakula, anatandaza karatasi za ulimbo, na Pluto anaingia. Studio ilijua ina mali na ikairudia. Imechorwa vizuri, lakini utaona inaharakisha.

17. Naweza kuwaonyesha watoto?

Hii, ndiyo, bila wasiwasi, na hawahitaji kujua Kiingereza. Watoto wadogo wanaielewa haraka kuliko wakubwa.

Tahadhari ni kwa filamu inayofuata kwenye mkusanyo. Katuni nyingi za Mickey za miaka ile zinapofika Afrika zinatia aibu. "Trader Mickey" ya 1932 inampeleka Mickey na huyuhuyu Pluto kwetu, na wenyeji wote ni wala watu wenye midomo mikubwa wanaotaka kumpika. Usiwashe mkusanyo kisha ukaenda jikoni. Kama mtoto ni mkubwa, itazameni pamoja na mzungumze nani alikuwa anacheka, na kwa gharama ya nani.

18. Imeshakuwa ya umma? Naweza kuipakia kwenye chaneli yangu?

Bado. Kwa sheria ya Marekani filamu za wakati huo hulindwa miaka 95, na ulinzi huisha mwisho wa mwaka. Ndivyo "Steamboat Willie" ya 1928 ilivyofunguliwa tarehe 1 Januari 2024. "Playful Pluto" itafunguliwa tarehe 1 Januari 2030. Sheria za nchi zetu zina hesabu zake, lakini mitandao mikubwa ya video ni ya Marekani na itakufungia kwa hesabu za huko. Hata baada ya 2030, jina na sura ya Pluto kama nembo ya biashara ni shauri jingine, usichapishe fulana.

19. Najifunza uhuishaji. Nikitazameje kipande hiki?

Zima sauti. Kipitishe fremu kwa fremu, na usihesabu miondoko, hesabu mawazo. Kila unapoona mbwa amebadili nia, andika fremu ilikoanzia na sehemu ya mwili iliyotangulia kusogea. Mara nyingi ni jicho. Kisha jaribu kukichora upya kwa kutumia mnyama mwingine, mbuzi kwa mfano, na gundi ya panya. Utagundua haraka kwamba mbuzi hafikiri kama mbwa, na mlolongo wa swali la 8 lazima ubadilike.

Usianze kwa kunakili mistari ya Ferguson. Mistari ndiyo sehemu dhaifu ya kazi yake.

20. Hili halihusu filamu: paka wangu amenasa kwenye gundi ya panya. Nifanyeje?

Linakuja mara nyingi kuliko unavyodhani, labda kwa sababu ya maneno watu wanayotafuta. Usimvute, ngozi na manyoya vitatoka. Mfunge kwa taulo ili asikukwaruze wala asijinase zaidi. Mimina mafuta ya kupikia pale aliponasa, sugua taratibu kwa vidole, subiri dakika chache, urudie hadi gundi ilegee. Kisha mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, umzuie kujilamba kabla hajasafishika. Usitumie petroli, mafuta ya taa wala tina ya kuyeyushia rangi: vinaunguza ngozi, na akijilamba vinamdhuru. Kama gundi imeingia machoni, puani au mdomoni, mpeleke kwa daktari wa mifugo.